Kabla Hujamwaga Maji ya Mbaazi

Nyumba nyingi hapa Mombasa huroweka mbaazi usiku kucha kwa ajili ya kiamshakinywa cha mbaazi za nazi na mahamri, na alfajiri maji yale humwagwa bila kutazamwa. Ushauri wangu ni kwamba yatazamwe kwanza. Yakiwa yamegeuka rangi, yana utelezi na povu limekaa ukingoni mwa bakuli, basi yamebeba vilivyokuwa ndani ya punje: sukari, potasiamu, asidi za amino, na vitamini za kundi B kama foleti.

Punje kavu ina unyevu mdogo mno hata tando za seli zake hupoteza mpangilio. Inapoanza kusharabu maji, tando hizo huhitaji muda kujipanga upya, na kabla hazijawahi, vilivyomo huvuja, hasa mwanzoni kabisa. Ganda zima huyachelewesha maji yasiingie kwa kasi; likiwa na ufa, maji huingia kwa nguvu na kuziharibu seli za ndani. Punje iliyokaa ghalani muda mrefu katika joto na unyevu kama huu wetu wa pwani huvuja zaidi, kwa kuwa tando zake zimechakaa. Wapimaji wa mbegu za njegere hulitumia jambo hili hili: huroweka punje 50 katika maji yasiyo na madini kwa saa 24, kisha hupima namna maji hayo yanavyopitisha umeme, na yakipitisha sana, mbegu huhesabiwa kuwa dhaifu.

Kwa hiyo ninaponunua Kongowea sitazami zilizo juu ya gunia. Huchota konzi moja ya ndani, nikaitandaza kiganjani nitafute nyufa, vipande na matundu ya fukusi. Nyumbani huzijaribu chache kwenye gilasi: zilizo nzima ganda lake aghalabu hukunjamana kwanza kama ncha za vidole vilivyokaa majini, na maji hubaki maangavu kwa muda, ilhali zilizopasuka huyachafua mapema.

Kuroweka usiku kucha juu ya meza, kwa joto letu, sikubaliani nako, kwa sababu sukari iliyovuja hulisha bakteria na asubuhi harufu ya uchachu huwa imeshaanza. Saa chache zinatosha, au bakuli liwekwe ndani ya friji. Pojo hazihitaji kurowekwa kabisa. Magadi nayo hulainisha upesi, lakini huiharibu vitamini B1, na binafsi naona ladha yake huifuata nazi mpaka sahanini.

Je, maji yamwagwe? Mwenye tumbo la kujaa gesi na ayamwage, kwani sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka nayo. Asiye na shida hiyo, ikiwa alizichagua na kuziosha vizuri kabla ya kuziroweka, anaweza kupikia maji yale yale yakiwa hayajachacha. Maharagwe mekundu ni mbali: maji yake humwagwa, kisha huchemshwa kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10, kwa sababu ya sumu yake ya asili.

Wenye mashamba ng'ambo ya Likoni wanaopanda kunde wakati wa masika nao wazitenge zenye nyufa, ziende chunguni, kwa maana sukari inayozivuja udongoni huwaita kuvu wanaoziozesha kabla hazijachipua.