Kofia ya viua ina mshono: kwa wanaoanza na Kanuni ya 30

Jamani wadogo zetu, kofia nyingine imetoka na mstari mtupu kisogoni. Tuliotangulia nasi tulipita hapo hapo, basi tuyaseme. Kanuni ya 30 ni hesabu ya kompyuta inayochora nakshi mstari kwa mstari: kila chumba hupata kiua, yaani tobo lililozungushiwa uzi (1), au hubaki kitupu (0), kwa kutazama chumba cha juu yake na majirani zake wawili.

1. Ukanda wa sm 56 kwa vyumba vya mm 4 ni vyumba 140. Nukta moja ya mwanzo hupanuka chumba kimoja kila upande kwa kila mstari, kwa hiyo mistari 20 ya kofia haivuki vyumba 39 na kofia iliyobaki iko uchi. Endesha 90, tupa 70 ya mwanzo.

2. Mshono. Hapa ndipo bafta nyingi zimeharibika. Kanuni inataka jirani wa kushoto na wa kulia. Python, lugha ya kuandikia programu, ikifika chumba cha mwisho inagoma, maana wa kulia hayupo. Basi mtu anaandika range(1, n-1), n ikiwa idadi ya vyumba, programu inanyamaza, naye anachekelea. Kumbe chumba cha 0 na cha 139 havihesabiwi tena, vimebaki 0 mistari yote. Kwenye skrini viko pembezoni, nani atavitazama? Ukanda ukiungwa vinakutana: mm 8 za kitambaa kitupu juu mpaka chini, na nakshi za pande mbili hazijuani. Wengine hujaribu kujazia viua vya kubahatisha. Kila jicho linaviona. Na uzi hufumuliwa, lakini tobo lililokwisha tobolewa halirudi. Dawa ni mstari mmoja wa programu (u ni mstari wa juu, na % n humrudisha aliyepita mwisho hadi mwanzo):

u[(i-1) % n] ^ (u[i] | u[(i+1) % n])

Sm 1 ya kushonea, kila upande, iwe nje ya vyumba 140.

3. Chapisha kwa asilimia 100, zungusha karatasi, bandika, tazama maungio kabla ya kugusa sindano.

4. Tobo lisizidi mm 2, la sivyo viua vinavyopakana vinachanika.

5. Kombe la Conus textile, konokono wa baharini, lenye pembetatu kama za Kanuni ya 30, litazame likiwa tupu. Mwenyewe akiwa hai, pale mwambani Jambiani, Unguja, muache, ana mwiba wa sumu. Na pembetatu za nakshi yetu zina upande: Kanuni ya 30 ukiinakili kwa nyuma ya kitambaa inageuka Kanuni ya 86, yaani ile ile kama kwenye kioo. Si kosa, ila nusu ya ukanda ukiichora kwa mbele na nusu kwa nyuma, hata hiyo % n haikuokoi.