Ukiwa kwenye dawa za saratani zinazoamsha kinga ya mwili, usiupuuze moyo

Baba alipoanza kudungwa pembrolizumab kwa ajili ya saratani ya mapafu, ukoo mzima ulisema "mzee yuko kwenye kemo". Sivyo. Kemo huua seli moja kwa moja. Dawa hii huiondolea kinga ya mwili breki, iishambulie saratani yenyewe. Ila kinga iliyoachiwa hivyo huweza kugeukia utumbo, tezi, na kwa wachache sana, msuli wa moyo. Ni kama mgonjwa 1 kati ya 100 au hata pungufu, lakini anayepatwa anaweza kufa haraka. Hatari hupanda zikitolewa dawa mbili za aina hii pamoja, mfano nivolumab na ipilimumab.

Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza, omba kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, na cha damu kiitwacho troponini, kinachoonyesha msuli wa moyo ukiumia, na majibu ukae nayo mwenyewe. Bila majibu ya mwanzo, daktari wa baadaye atalinganisha na nini?

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa makini, ingawa tatizo laweza kuja hata baadaye. Baba alianza kuhema akipanda ngazi za barazani. Watu wakasema ni uzee, wengine damu imepungua. Mimi nilishtushwa na jicho: kope la kushoto lilikuwa limelegea, na gazeti analisoma amefumba jicho moja kwa sababu mistari inaonekana miwili. Uchovu wa misuli, kope kuanguka na moyo kwenda mbio mara nyingi hufuatana. Ukiona hivyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Mapokezi ya dharura, nesi aliandika "kemo". Nikampa karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya dripu ya mwisho, nikaomba wampigie daktari wake wa saratani. Troponini ilikuwa juu. Dawa ikasimamishwa, akaanzishiwa steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga, za mshipa kwa dozi kubwa siku hiyohiyo.

Steroidi nazo zina vituko vyake. Sukari hupanda, usingizi hukimbia. Mzee alikuwa anaamka saa nane usiku akidai ugali! Zipunguzwe polepole kwa ratiba ya daktari, usikatishe mwenyewe ukiona amepata nafuu. Na moyo ukishaguswa, kwa kawaida dawa ya kinga hairudishwi. Usibembeleze irudishwe, uliza saratani itatibiwaje sasa.