Kaiba mara tatu: je, hukumu yake huzidi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Kijana wa mtaani kwetu, hapa Kenya, kaiba mara tatu: simu iliyosahauliwa barazani mwa msikiti, kuku wa jirani, na juzi pikipiki, baada ya kuvunja kufuli la ua. Vijana wanataka kumpiga. Wengine wanasema sheria ni mkono kisha mguu. Lipi sahihi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Tuanze na hesabu. Kwa hukumu ya kukatwa (Al-Maida, aya ya 38), huyu hajaiba mara tatu. Ni mara moja. Simu haikuwa katika hirzi, yaani mahali ambapo mali ya aina yake huhifadhiwa. Kuku hafikii nisabu, yaani kima cha chini cha thamani ya mali iliyoibwa, ambayo kwetu Mashafi (wa madhehebu ya Shafi) ni robo dinari, takriban gramu 1.06 za dhahabu. Pikipiki ndani ya ua uliofungwa imetimiza yote mawili, na bado watakiwa mashahidi wawili wanaume waadilifu, au akiri mwenyewe.

Anayerudia, kwetu, hukatwa mkono wa kulia, kisha mguu wa kushoto, mkono wa kushoto, mguu wa kulia. Mara ya tano ni taaziri, yaani adhabu anayoikadiria hakimu. Mahanafi, wa madhehebu ya Hanafi, husimama kwenye mguu: aibaye mara ya tatu hufungwa mpaka atubie. Hadithi ya kumuua wa mara ya tano, imamu Nasai aliyeipokea ndiye aliyeiita munkar, yaani dhaifu isiyokubalika, basi asikutishe mtu nayo. Na kurudia maana yake ni kuiba tena baada ya kukatwa. Aliyeiba mara kumi ndipo akakamatwa hukatwa mara moja tu.

Simu na kuku zina taaziri, na hapa ndipo mazoea ya mtu humzidishia adhabu kwa rai ya hakimu, ila viboko visifike 40.

Yote haya ni ya mtawala, si ya vijana wa mtaani. Kumpiga ni dhulma, na akifa mna damu shingoni. Hata Mahakama ya Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, haina kesi za jinai. Mpelekeni polisi.

Jirani akitaka kusamehe, asamehe sasa. Sahaba Safwan bin Umayya alipotaka kumsamehe mwizi wa shuka yake mbele ya Mtume (s.a.w.), aliulizwa mbona hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Mali lakini hairuki: pikipiki irudi, na kama imeshauzwa vipuri, alipe thamani yake.

Wallahu aalam.