Madogo mnaoanza kuchora, kabla ya rangi nunueni kioo

Huwa mnaniulizaga nianze na rangi gani kaka, brashi namba ngapi, mi nasema nenda sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya katafute kioo kidogo, hata kikiwa na ufa poa tu.

Ukimaliza sura ya mtu ipe mgongo hiyo picha afu itazame kupitia kioo. Jicho moja limepanda, taya limevimba upande, yote unayaona palepale maana macho yako yalishazoea makosa na kioo kikigeuza picha inakuwa kama kazi ya mtu mwingine. Leonardo da Vinci alishawashauri wachoraji hivyo miaka 500 iliyopita, mi nikaja kujua baada ya kurudishiwa picha ya bibi harusi mwenye shingo imelala, hela yenyewe nlishakula.

Ila ukijichora mwenyewe angalia. Nina kovu juu ya nyusi ya kushoto, nikajichora nikijitazama kwenye kioo cha saluni, mama kuiona tu, "We mwanangu, kovu limehama lini?" Mchoraji Van Gogh naye, kwenye picha aliyojichora 1889, bandeji unaiona sikio la kulia wakati alilokata ni la kushoto, yani alichora kilichokuwa kwenye kioo basi.

Mazoezi bora ni kioo cha pembeni cha bodaboda. Kimebinuka, so kijiwe kizima kinaingia mle na ukuta wa duka unapinda kama ndizi, ss wengi wenu mnaunyoosha kwa sababu mnajua ukuta umenyooka. Pinda hivyohivyo! Mchoraji Jan van Eyck kwenye picha yake ya 1434 aliweka kioo cha namna hiyo ukutani nyuma ya mwanaume na mwanamke, kidogo kweli, ila ndani unaona migongo yao na watu wawili wamesimama mlangoni ambao kwenye picha yenyewe hawapo.

Maji sasa. Tukipanda mlimani kuchora ziwa Ngosi naona mtu anachora msitu afu anaupindua chini kama fotokopi, hapana. Maji yanauona msitu kutokea chini kwao, kwahiyo mle majini kitu cha nyuma kinaweza kufichwa kabisa na mti wa mbele hata kama wewe huku juu unakiona. Kivuli cha kitu cheusi majini kipunguze weusi, na cha kitu cheupe nacho kififishe kidogo. Upepo ukipita tu umekosa, so anza na maji, msitu utamalizia hata nyumbani.