Jibu: Mkato kabla ya "and" kwenye orodha

Mkuu, umeuliza kama mkato uwekwe kabla ya "and" ya mwisho unapoorodhesha vitu kwa Kiingereza. Vikiwa viwili tu, usiweke: "tea and coffee". Ubishi unaanzia kwenye vitatu. Marekani vitabu vingi huuweka, magazeti mengi huuacha. Uingereza wengi huuacha pia, ila wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford huutumia, ndiyo maana unaitwa mkato wa Oxford.

Mimi nakushauri uuweke. Tazama hii: "I thanked my parents, the mayor and the teacher." Msomaji anaweza kudhani meya na mwalimu ndio wazazi wako! Ongeza mkato baada ya "mayor", utata umekwisha. Na si jambo dogo hata kidogo: mwaka 2017 mahakama ya rufaa Marekani iliwaunga mkono madereva wa kampuni ya maziwa jimboni Maine waliodai malipo ya saa za ziada, kwa kuwa orodha ya kazi zisizolipiwa saa za ziada ndani ya sheria ya jimbo haikuwa na mkato huo, hivyo ikawa na utata. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Ila kama mhariri au mwalimu wako ana utaratibu wake, fuata huo, mradi usichanganye yote mawili kwenye andiko moja.