Kidole gumba hakina swichi ya ubongo

Dada mmoja wa Njombe ameniandikia wiki hii. Amemaliza mafunzo ya masaji, ana kitanda chake na chupa zake za mafuta, na mteja wake wa tatu tangu aanze kazi ni mzee mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Anauliza: "Nibonyeze wapi ili mkono uache kutetemeka?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo lilinifukuzisha kazi.

Sisi tunaosoma hapa tunajuana. Kila mmoja anataka chumba chake, kitanda chake, na wateja wanaorudi bila kubembelezwa. Kwa hiyo nitasema yote, hata ya aibu.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa sehemu moja ya masaji hapa Mbeya, jina naliacha. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu inayogandisha mafuta ya nazi chupani. Akaja mwalimu mstaafu, kasindikizwa na mkewe. "Shikamoo mwalimu." Akaitikia kwa sauti ndogo mno, uso mkavu, nikadhani ananidharau. Kumbe ugonjwa huu unakausha sura na kumeza sauti. Mtu anaweza kuwa amefurahi kabisa moyoni, wewe ukaona amenuna.

Darasani nilikaririshwa ile ramani ya nyayo, inayodai kila kiungo cha mwili kina sehemu yake mguuni, ambayo Mmarekani Eunice Ingham aliieneza tangu miaka ya 1930. Katikati ya unyayo ni tumbo, kidole gumba cha mguu ni ubongo. Nikapiga hesabu zangu: ugonjwa uko kwenye ubongo, ubongo uko kwenye kidole gumba, basi kazi imekwisha. Nikakikandamiza kidole cha mwalimu kwa kifundo cha kidole changu cha mkono karibu robo saa. Sura yake haikubadilika, nikajua anasikia raha. Vidole vyake vikaanza kujikunja kwa chini, kama mtu anayeng'ang'ania udongo asiteleze, na mimi nikavinyoosha kwa nguvu. Kisha nikamlaza kifudifudi, nikamkanda mgongo mpaka saa ikaisha.

"Tumemaliza mwalimu, amka."

Akaamka. Hatua ya pili magoti yakalegea. Tulimdaka mimi na mkewe, chupa ikaanguka, sakafu nzima mafuta.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini bosi alinifokea mbele ya wateja, na mwisho wa mwezi nikaambiwa nisirudi. Sikatai kosa langu. Ila pale ndani hakuna aliyewahi kunifundisha neno moja kuhusu Parkinson, na bango la nje lilikuwa limeandikwa "tunatibu kutetemeka". Bango halikufukuzwa. Mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande wa pili.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa ya kukanda majirani kwa bei ya huruma. Nilipopata chumba changu Soweto, hapahapa Mbeya, wa kwanza kupiga simu alikuwa mke wa mwalimu. Alinitafuta mtaa kwa mtaa mpaka akapata namba. "Mwanangu, wewe ulikosea lakini ulimdaka." Nilijivuna siku ile, na bado najivuna, mnisamehe.

Kabla sijampokea tena, nilikwenda kukaa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo nikauliza kila kitu. Alinieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, na hizo ndizo zinazokufa. Tangu daktari Mwingereza James Parkinson aueleze ugonjwa huu mwaka 1817, hakuna aliyepata dawa ya kuuponya. Levodopa, kidonge wanachopewa wagonjwa wa Parkinson, inasaidia mwili kusogea, kisha nguvu yake inashuka, mgonjwa anakakamaa tena hadi kidonge kingine. Nikakumbuka: siku ile ya aibu mwalimu alikuja saa sita kasoro, kidonge cha asubuhi kikiwa kinaishia. Ndiyo maana vidole vilijikunja. Nilikuwa napigana na saa, si na misuli.

Kwa hiyo dada yangu, swali la kwanza si ubonyeze wapi. Ni: anameza dawa saa ngapi? Mwalimu anameza saa mbili asubuhi, saa tatu anakuwa amefunguka, namweka saa tatu na nusu. Wako atakuwa na saa zake, muulize yeye au anayemhudumia. Na usimwambie abadilishe dawa wala muda, hiyo ni kazi ya daktari.

Mkono unaotetemeka usiukamate kuuzuia. Nauwekea mto chini, nauachia utetemeke. Ukimwambia "tulia", anaona aibu, nao unazidi. Maumivu usiyatafute usoni, sura haitakwambia. Mimi nampa mwalimu kitambaa ashike mkono wa kulia, nikizidisha anakiangusha. Vidole vikijikunja, viache, hamia kwenye shavu la mguu, kanda taratibu kwa kiganja kizima. Chumba kiwe na joto. Hapa kwetu Juni na Julai nawasha jiko mapema, nalitoa nje kabla mteja hajaingia, maana moshi wa mkaa unaua.

Kuamka ndiko nilikoangukia mimi, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo. Ugonjwa wenyewe na dawa zake vyote vinaweza kushusha presha mtu anaposimama. Simlazi tena kifudifudi. Namaliza dakika ishirini kabla ya saa kuisha: ageuke ubavu, akae miguu ikining'inia, achezeshe vifundo, anywe maji, tupige soga. Nikiona anajibu vizuri ndipo asimame, mkono wangu uko kiunoni. Mlangoni miguu yake hugoma kama imegundishwa, basi nimebandika utepe mwekundu sakafuni auvuke kwa hatua. Usimvute. Mwenye nyumba alinung'unika kuhusu utepe, nikamwambia aongeze kodi.

Na hapa niseme ukweli wote. Wapo wenzetu wanaowauzia wazee maji ya kuogeshea miguu yanayobadilika rangi, wanasema sumu ya ugonjwa inatoka. Wapo wanaowaambia waache vidonge. Dada, ukimwambia mzee wa watu aache levodopa ili akulipe wewe, hiyo si biashara, huo ni wizi. Tena umemwibia asiyeweza hata kukukimbiza. Masaji inalegeza mabega, inampa mtu usingizi na saa moja ya kuguswa bila kuhurumiwa. Uza hiyo. Kama haitoshi kukulipia pango, tafuta kazi nyingine, usitafute uongo.

Wateja wangu wanasaini kwenye daftari la kaunta. Mwalimu ana mwandiko wa ubaoni, ule wa kuonekana mpaka dawati la nyuma, lakini siku hizi anaanza na herufi kubwa na kumaliza jina kama mdudu anatambaa. Wapo wanaoniuliza kama mwandiko umekua tangu nianze kumkanda. Haujakua. Alhamisi alisaini kwa herufi ndogo kuliko za wiki iliyotangulia, akafunga daftari, akauvuka utepe, akanigeukia mlangoni. "Wiki ijayo saa ileile, mwanangu," akasema, na safari hii nilimsikia bila kuinama.