Mzoa taka na geti lililofungwa

Dada, umeuliza kama mna lazima ya kuwafungulia wazoa taka geti, maana mnashinda kazini na mwenye nyumba hapa Ngamiani, Tanga, anadai ni sheria. Hapana. Mzoa taka si mkaguzi. Afisa afya ndiye anayepewa nguvu ya kuingia kukagua, chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na hata yeye muombeni kitambulisho kwanza.

Ila kuzitunza taka mpaka zichukuliwe ni juu yenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu, na sheria ndogo za Jiji ndizo zinazopanga ada na adhabu. Nendeni ofisi ya mtaa mkaulize siku ya gari, kisha asubuhi hiyo hiyo toeni pipa mlangoni. Asubuhi, si usiku! Kwetu jirani alitoa kiroba usiku kina matumbo ya samaki. Kulipokucha paka na kunguru walishakichana, maji yanatiririka mpaka mtaroni, inzi wamejaa kwenye meza ya mama wa vitumbua. Iliniuma sana, yule mama hakuuza siku ile.

Kwa hiyo nunueni ndoo kubwa yenye mfuniko unaobana. Vifuu na makumbi wekeni mbali, vikavu. Wapo wanaovitaka kwa kuni. Na ada msilipe mkononi bila risiti.